Wanaojua Walipo

Tarehe 9 Septemba 2002 askari wa jeshi la Burundi waliwaua raia wasio na silaha katika tarafa ya Itaba, mkoani Gitega. Tukio lenyewe halina ubishi. Ubishi ulizuka kwenye hesabu: ya chini ilitaja watu 173, ya juu ikataja 267. Tofauti ya hizo mbili ni watu 94. Sidai kwamba watu 94 kamili wamefichwa mahali. Huenda wapo waliotajwa mara mbili, na huenda wapo waliokimbilia tarafa jirani wakarudi baadaye kimya kimya. Lakini tazama yote yanayojulikana kuhusu Itaba. Tarehe inajulikana, mahali panajulikana, jeshi lililohusika linajulikana, na maofisa wawili walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, wakahukumiwa Februari 2003 kifungo cha miezi minne kwa makosa madogo kuliko mauaji. Katikati ya mambo hayo yote ya wazi, jambo lililokosa jibu moja ni idadi ya waliokufa, yaani lile ambalo kila mama wa Itaba angeweza kulijibu kuhusu nyumba yake mwenyewe. Sura hii inahusu pengo la namna hiyo, na inadai jambo moja: watu wengi tunaosema wametoweka kwa namna ya ajabu hawakutoweka kwa ajabu yoyote. Wapo wanaojua walipo. Fumbo ni kazi iliyofanywa na watu, na kwa kuwa ilifanywa na watu, inaweza kufumbuliwa.

Vitabu vya watu waliopotea hupenda visa vya baharini na angani. Amelia Earhart aliruka mwezi Julai 1937 juu ya bahari ya Pasifiki na hakuonekana tena. Ndege ya Malaysia, safari MH370, ilipotea Machi 2014 na watu 239. Visa hivyo vinasisimua kwa haki, maana bahari haitoi ushahidi, na inawezekana kabisa kwamba hakuna binadamu hai anayejua ndege hizo zilianguka wapi. Ubaya ni kwamba tumezoea kuwatazama waliopotea wote kwa jicho hilo. Tunamweka mwalimu aliyechukuliwa kwa lori mjini Gitega kwenye rafu moja na rubani aliyepotelea mawinguni, tunasema Mungu ndiye ajuaye, na tukishasema hivyo tunamwondolea mzigo mtu fulani, mwenye jina na anwani, ambaye naye anajua. Kupotea baharini ni ajali. Kupotea barabarani, kati ya ofisi ya mkuu wa mkoa na daraja la mto, ni safari iliyokuwa na dereva.

Mwaka 1972 ndio unaoonyesha vizuri zaidi jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Warundi wanauita Ikiza. Tarehe 29 Aprili waasi wa Kihutu walishambulia kusini mwa nchi, Rumonge, Nyanza-Lac na kwingineko, wakawaua Watutsi wengi. Utawala wa Michel Micombero ulijibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, makarani, wauguzi, wafanyabiashara, mapadri, askari. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000 na kufika 300,000. Watu wengi hawakukamatwa vichakani. Majina yalisomwa redioni, wenye majina wakaambiwa wajitokeze, nao wakajitokeza, kwa kuwa raia mwema akiitwa na serikali huenda. Wengine waliitwa mkutanoni, wengine walichukuliwa darasani mbele ya wenzao. Walipandishwa malori. Hesabu mikono iliyohitajika kwa mtu mmoja tu: aliyeandika orodha, aliyeisoma, aliyefungua mlango wa mahabusu, dereva, aliyetoa mafuta ya lori, walinzi, wachimba shimo, aliyefukia. Kisha ongeza mkulima wa jirani aliyeona lori likipita limejaa na kurudi tupu. Mtu mmoja akitoweka hivyo ameacha nyuma yake mashahidi kumi. Ukisema hakuna ajuaye alipo, umesema kwamba wote kumi wamenyamaza, na hilo ni jambo lingine kabisa.

Hata ufalme haukumwokoa mtu na hali hiyo. Charles Ndizeye, aliyetawala kwa jina la Ntare V kwa miezi michache ya mwaka 1966 kabla ya Micombero kumpindua, alirudi nchini mwishoni mwa Machi 1972 akitokea Uganda ya Idi Amin, akawekwa kizuizini Gitega. Usiku wa tarehe 29 Aprili aliuawa hapo hapo Gitega, na mwili wake haujapatikana mpaka leo. Mlinganishe na baba yake. Mwambutsa IV alifariki Uswisi mwaka 1977 na kuzikwa huko. Mwaka 2012 mabaki yake yalifukuliwa ili yarudishwe Burundi, ndugu wakapingana, wosia wake wa kutotaka kurudishwa ukasomwa mahakamani, kesi ikapanda mpaka mahakama kuu ya shirikisho la Uswisi, na mwishowe akarudishwa kwenye makaburi ya Meyrin, karibu na Geneva. Kwa miaka kadhaa mawakili walibishania mifupa ya baba, huku mtoto wake akiwa hana hata jiwe la kuonyesha alipolala. Baba na mwana walikuwa wa damu moja na wote wawili walikuwa wafalme. Kilichowatenga ni kwamba kifo cha mmoja kiliandikwa kwenye daftari la mji alimokufa na cha mwingine hakikuandikwa.

Padri Michel Kayoya naye yumo katika hesabu hiyo. Alikuwa mwandishi na mshairi, miongoni mwa watu wa kwanza wa Burundi kuandika kwa kina juu ya Mwafrika aliyesimama kati ya mila za baba zake na ulimwengu mpya. Aliuawa tarehe 17 Mei 1972, na alitupwa pamoja na maelfu ya wengine kwenye makaburi ya halaiki kando ya mto Ruvubu. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Vitabu vyake vinasomwa na Kanisa linamwombea. Kaburi lake ni shimo la watu wote.

Mto huo ndio uti wa mgongo wa habari hii. Ruvubu unakusanya maji ya nyanda za kati za Burundi, unapita upande wa Gitega na Karusi, unaingia katika hifadhi ya taifa iitwayo kwa jina lake, unagusa Muyinga na Cankuzo, kisha unavuka kuingia Tanzania na kuungana na Akagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na maji yake huishia ziwa Viktoria. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoongozwa na Pierre Claver Ndayicariye, ilifukua makaburi sita ya halaiki mkoani Karusi karibu na mto huo. Februari mwaka huo ilitangaza kwamba imetoa mabaki ya watu 6,033. Pamoja na mifupa kulikuwa na risasi, nguo, miwani na rozari, na vitu hivyo ndivyo vilivyosaidia kuwatambua baadhi yao. Miwani na rozari zinasema jambo ambalo takwimu haziwezi. Mwenye miwani mwaka 1972 katika nchi ya wakulima alikuwa mtu aliyesoma, anayejulikana kijijini kwake, na mtengenezaji wa miwani hiyo hakuwa na wateja wengi. Tume haikuyapata makaburi hayo kwa bahati wala kwa ndoto. Iliwauliza watu wa vilima vya jirani, wakaonyesha. Walikuwa wakijua kwa miaka 48. Mwanzoni mwa mwaka huo huo tume ilikuwa imeshaorodhesha zaidi ya makaburi 4,000 ya halaiki nchini kote na kuwatambua wahanga zaidi ya 142,000 wa vipindi mbalimbali vya umwagaji damu. Mahali 4,000 palipojulikana na majirani! Nchi nzima ilikuwa imekaa juu ya jibu.

Basi kwa nini hawakusema? Hapa ndipo kazi ya pili inapoonekana, ile ya kufunga midomo, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko kuua. Waliochukuliwa mwaka 1972 waliitwa abamenja, yaani wasaliti wa nchi. Mke wa msaliti halii hadharani. Mtoto wa msaliti hajibu mwalimu anapoulizwa baba yako yuko wapi. Mali za waliouawa zilichukuliwa, na anayekaa ndani ya nyumba ya mtu aliyepotea ana sababu ya kila siku ya kutaka mwenye nyumba asitajwe. Warundi wana taratibu mbili baada ya mazishi: guca ku mazi, inayofanywa siku chache baada ya kuzika, na kuganduka, inayofunga msiba kabisa baada ya muda mrefu zaidi. Zote mbili zinataka kuwe na kifo kilichotangazwa na watu waliokusanyika. Asiye na maiti, asiye na ruhusa ya kukusanya watu, hana pa kuanzia. Mjane wa aina hiyo si mke na si mjane. Mafakihi wa Kiislamu walilijua tatizo hili karne nyingi kabla: katika madhehebu ya Imamu Malik mke wa mtu aliyepotea hungoja miaka minne, kisha hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na baada ya hapo yuko huru. Waliweka kikomo kwa sababu waliona kwamba kungoja bila kikomo ni adhabu, na adhabu hiyo anaipata asiye na kosa. Burundi iliwangojesha wanawake wake kwa nusu karne.

Muyinga inatupa kisa cha kupima madai yangu, kwa kuwa ni cha karibu zaidi na kilifika mahakamani. Mwezi Julai na Agosti 2006, wakati serikali mpya iliyochaguliwa ikipambana na waasi wa FNL, watu walikamatwa mkoani humo, wakapelekwa kambi ya jeshi ya Mukoni, na hawakuonekana tena. Kisha maiti zikaanza kuonekana katika mto Ruvubu, ndani ya hifadhi. Kama mambo yangeachwa hapo, leo tungekuwa tunasimulia juu ya watu waliotoweka Muyinga na mamba wa mtoni. Lakini ndugu waliwafahamu waliokamatwa, siku waliyokamatwa na mahali walipopelekwa, watetezi wa haki za binadamu wakakusanya majina, shinikizo likaendelea. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani askari 15 kwa mauaji ya watu 31. Ofisa wa cheo cha juu miongoni mwao alikuwa ameshakimbia nchi. Haki hiyo ilikuwa na upungufu, lakini angalia tofauti na Itaba: kule idadi inayumba kati ya 173 na 267, huku ni 31, namba moja, kwa kuwa mtu aliyeandikwa jina akiingia mahabusu hawezi kugeuzwa fumbo kwa urahisi. Orodha ndiyo iliyowashinda wauaji. Mto ulirudisha maiti kadhaa tu. Kilichozipa maiti hizo majina ni kumbukumbu ya walioachwa nyumbani.

Muyinga hiyo hiyo inaonyesha pia upande wa pili. Katikati ya mwaka 2014 wavuvi wa ziwa Rweru, upande wa Muyinga kwenye mpaka wa Burundi na Rwanda, waliona makumi ya maiti zikielea, nyingine zimefungwa katika mifuko. Chache zilizikwa upande wa Burundi. Burundi ilisema zimeletwa na mto Akagera kutoka Rwanda. Rwanda ikasema haina raia wake waliopotea. Mataifa ya nje yakataka uchunguzi, na marehemu wale hawajapewa majina mpaka leo. Waliochukuliwa mwaka 1972 waliacha majina bila maiti, Rweru pakawa na maiti bila majina. Mtu aliyefungwa ndani ya mfuko hakujifunga. Na mahali fulani, upande mmoja wa mpaka au mwingine, kuna nyumba ambayo mwaka huo ilipungukiwa na mtu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la haki, na halipaswi kupuuzwa: si kila asiyerudi ameuawa. Maelfu walivuka mpaka. Wakimbizi wa 1972 waliopokewa Tanzania walijenga maisha Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 miongoni mwao na watoto wao. Wengine walibadili majina kwa kuogopa, wengine walioa upya, wengine waliingia msituni kupigana na hawakutaka kujulikana. Ukimwandika kila asiyeonekana kuwa ameuawa, utawaua walio hai kwa kalamu. Nakubali kabisa. Lakini pingamizi hili linaunga mkono dai langu. Kama mtu anaweza kuwa Katumba analima tumbaku huku mkewe Gitega akimlilia, basi dawa ni kumtafuta kwa jina lake. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo yaliyoitwa Gahuzamiryango, kwa lugha za Kinyarwanda na Kirundi, ambayo kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuunganisha familia zilizotawanyika. Majina yalisomwa redioni na watu wakapatikana. Miaka 22 kabla yake majina yalikuwa yamesomwa redioni Burundi ili wenye majina waje kufa. Chombo ni kile kile. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba teknolojia ilikosekana.

Pingamizi la pili husemwa na watu wema, na ndilo gumu zaidi kujibu: ukifukua makaburi unafukua chuki. Nchi imechoka, wanasema. Vijana hawajui ya 1972 na ni heri wasijue. Sidhani kwamba hofu hiyo ni ya kinafiki. Nchi iliyopoteza rais wake Melchior Ndadaye kwa mauaji ya tarehe 21 Oktoba 1993, ikaingia vitani kwa zaidi ya miaka kumi, ina haki ya kuogopa cheche. Ila ushahidi unakataa sehemu moja ya hoja hiyo, ile inayodai kwamba kimya husahaulisha. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi katika makazi ya Mishamo katikati ya miaka ya 1980 na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1995. Alikuta wakimbizi wakisimulia yaliyowakuta kwa mpangilio na undani wa kutisha, habari ikipita kutoka mdomo hadi mdomo mpaka ikawa kama mafundisho. Palipokosekana daftari, simulizi ilifanya kazi ya daftari, lakini simulizi haina mtu wa kuikagua. Idadi hupanda, wauaji huongezeka mpaka wanakuwa kabila zima, na jirani aliyemficha mwenzake husahaulika. Orodha yenye jina, tarehe na mahali hupunguza chuki kwa sababu inamtaja mhusika na kumwachia huru asiyehusika. Anayenyamazisha yote anawaacha watoto wa Watutsi wote wakibeba lawama ya maofisa wachache, na watoto wa Wahutu wote wakibeba lawama ya waasi wa Rumonge.

Na hapo linakuja pingamizi la tatu, linaloielekea tume yenyewe. Wakosoaji wake husema imefukua kwa kuchagua: imekaa sana kwenye 1972, ambako wengi wa waliokufa ni Wahutu, na Desemba 2021 ikatangaza kwamba yaliyotokea mwaka huo yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu, huku waliouawa mwaka 1993 wakipewa nafasi ndogo. Maoni yangu ni kwamba lawama hii ina uzito, na anayeikubali halipuuzi kaburi hata moja la Karusi. Kibimba iko Gitega hiyo hiyo. Baada ya kuuawa kwa Ndadaye makumi ya wanafunzi na raia wa Kitutsi walichomwa moto pale, katika jengo la kituo cha mafuta. Daftari linaloanza na kabila la marehemu limeshaharibika kabla ya ukurasa wa pili. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliahidi tume ya kuchunguza umwagaji damu wote, sheria yake ikapitishwa mwaka 2014, na marekebisho ya 2018 yakairudisha nyuma kalenda mpaka mwaka 1885 ili kuugusa ukoloni. Kama sheria inaweza kurudi mpaka enzi za Wajerumani, haiwezi kushindwa kufika Kibimba, wala Itaba, wala kwa waliochukuliwa baada ya mwaka 2015.

Hawa wa baada ya 2015 ndio wanaonifanya nisikubali kwamba jambo hili ni la historia. Marie-Claudette Kwizera, mweka hazina wa shirika la haki za binadamu la Ligue Iteka, alichukuliwa Bujumbura tarehe 10 Desemba 2015. Jean Bigirimana, mwandishi wa gazeti la Iwacu, aliondoka nyumbani tarehe 22 Julai 2016 na kuonekana mara ya mwisho Bugarama, mkoani Muramvya. Wenzake wa Iwacu walimtafuta wenyewe, bondeni na mtoni. Maiti mbili zilipatikana katika mto Mubarazi, mkewe akaitwa, akasema hakumtambua mumewe kati ya hizo. Kipimo cha vinasaba kiliahidiwa, matokeo hayakutangazwa. Katika ujirani wetu Watanzania wanalijua jina la Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyechukuliwa Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje alisema katika mahojiano na BBC kwamba mwandishi huyo alitoweka na kufa, kisha serikali ikasema waziri hakueleweka. Mke wa mtu hapaswi kupata habari kama hiyo kwa mtindo huo, na akiipata hapaswi kunyang'anywa kesho yake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliona mambo ya Burundi kuwa na uzito wa kutosha: Oktoba 2017 majaji wake waliruhusu uchunguzi, na miongoni mwa makosa waliyoyataja ni kupotezwa kwa watu. Siku mbili baada ya uamuzi huo kutolewa, Burundi ilikamilisha kujitoa katika mahakama hiyo.

Atakayesema kwamba kuwatambua wafu wa zamani ni ndoto za nchi tajiri, na atazame Bosnia. Waliouawa Srebrenica Julai 1995 walikuwa takriban 8,000, na wauaji walirudi na matingatinga wakafukua makaburi na kuyahamisha, hata mifupa ya mtu mmoja ikapatikana katika mashimo tofauti. Kwa kulinganisha damu ya ndugu na mifupa, karibu watu 7,000 wamerudishiwa majina yao. Argentina ilianza mwaka 1984 na vijana wachache wa chuo kikuu waliofundishwa kufukua kwa utaratibu, na timu yao sasa inaitwa duniani kote. Gharama ipo, siikani. Lakini sehemu ya kwanza ya kazi haihitaji maabara. Inahitaji mtu wa kuandika: nani alichukuliwa, lini, na nani, kwa gari gani, kuelekea wapi. Mifupa itasubiri ardhini. Damu ya ndugu na kumbukumbu za mashahidi hazisubiri, na kufukua kwa haraka bila kuchukua sampuli, ili tu kupata idadi ya kutangaza, ni kuwapoteza watu hao mara ya pili.

Tena mipaka ya kiutawala inabadilika. Mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5. Karusi imeingia ndani ya Gitega, na Muyinga imo katika mkoa mpya wa Buhumuza. Ofisi zikihama, makaratasi hupotea, na kaburi lililojulikana kwa jina la tarafa ya zamani linahitaji mtu anayekumbuka ramani ya zamani. Gitega sasa ndio mji mkuu wa kisiasa. Majengo yatapanda, misingi itachimbwa, na mifupa itatokea ikiwa haikutafutwa kwanza.

Serikali ya Burundi ilitia saini mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu wote dhidi ya kupotezwa tarehe 6 Februari 2007, siku ya kwanza ulipofunguliwa, na bado haijauridhia. Hilo ni la Bunge na la wanaolisukuma Bunge. Lililo mikononi mwa msomaji ni dogo na lina haraka zaidi. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1972 leo amevuka 70. Dereva wa lori, mchimba shimo, mkulima aliyekuwa akipalilia karibu na daraja la Ruvubu, wamebaki wachache, na kila mwaka wanazikwa, wao wenyewe katika makaburi yenye misalaba na majina. Kama kuna mmoja wao katika ukoo wako au kwenye kilima chenu, mwendee wiki hii, mkae naye bila kumhukumu, uandike anachokumbuka: jina, siku, mahali. Nakala moja weka kanisani au msikitini, nyingine kwa mtu anayeishi mbali na hapo.